Aliyenipa Kikombe Bila Kuonja

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mtu aliyekula leo akashiba, na asifiwe pia na yule ambaye sahani ikiwekwa mbele yake anageuza uso, kwa sababu tumbo lake limekuwa kama jiko la mkaa. Mimi nilikuwa huyo wa pili. Leo nimesimama hapa Nyamigogo, mahali nilipozaliwa, mbele ya watu walionifundisha kushika jembe. Mchana huu nimekula ugali wenu na maharage, na sikuuliza nani amepika. Wanaonifahamu wanajua kwamba hilo peke yake ni jambo la kupigia makofi.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Mama Editha. Niliolewa Murukulazo, upande wa Ngara. Mume wangu anaitwa Deogratias, tunalima migomba, kahawa na maharage. Jumamosi nafundisha watoto wanaojiandaa kwa komunyo ya kwanza. Kwa hiyo mkiniona naeleza jambo polepole na kulirudia, nivumilieni, nimezoea watoto.

Nyumbani kwetu tuko familia za ndugu watatu kwenye mteremko mmoja. Juu anakaa Sostenes, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Katikati tuko sisi. Chini alikuwa akikaa mdogo wao, ambaye Mungu alimchukua mapema, akamwacha mjane wake, Leokadia, na watoto. Leokadia ni mwanamke mpole, mwenye maneno machache. Ndugu zangu, mtu wa maneno machache anachosha sana akili yenye wasiwasi! Mropokaji unamjua kwa kuwa amekwisha kusema. Mkimya unamjazia maneno mwenyewe.

Sasa nianze na tumbo.

Lilianza kuniuma wakati wa kupalilia maharage. Chini kidogo ya kifua, hapa katikati, kama mtu ananichoma na kijiti chenye moto. Nikila linatulia, njaa ikirudi nalo linarudi. Wakati huohuo mgongo ulikuwa unanisumbua kwa sababu ya kuinama, na dukani kwetu wanauza vidonge vya maumivu, diklofenaki. Nikawa navimeza kama karanga. Mgongo ukawa unapoa, tumbo linawaka. Sikuunganisha mambo hayo mawili hata kidogo. Kiungulia kikinipanda, nanunua vile vidonge vyeupe vya kutafuna, natafuna, naendelea na kazi.

Ndipo ikafika harusi ya binti wa Sostenes.

Nieleze desturi, maana humu wamo vijana waliokulia mjini. Kwetu, anayekukaribisha kinywaji huonja kwanza. Anapiga funda moja mbele ya macho yako, anafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja, ndipo anakukabidhi. Hakuna anayemfundisha mtoto sababu yake, na hakuna mtoto asiyeijua. Maana yake ni hii: kilichomo humu hakikuui, kwa kuwa kingeanza na mimi.

Siku ile Leokadia ndiye aliyekuwa akigawa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Alifika kwangu, akapiga magoti kidogo, akanipa kikombe kwa mikono miwili. Hakuonja. Nikamtazama. Akainamisha macho. Watu walikuwa wengi, nikaona aibu kukataa, nikanywa. Ilikuwa kali na chachu. Kabla jua halijazama, tumbo liliwaka kiasi kwamba niliondoka kwenye sherehe nimejikunja.

Ndugu zangu, kuanzia hapo akili yangu ilisahau msimu wa maharage. Ilisahau vidonge. Ikawa kana kwamba tumbo langu lilizaliwa siku ya harusi! Shaka ina tabia hiyo, inachagua siku ya kuanzia kuhesabu.

Nikaanza kuishi kama mtu anayewindwa. Nyumba ya watu sili. Jumuiya tukisali kwa mtu, naenda na chupa yangu ya maji ndani ya mkoba. Mume wangu akiletewa ndizi na Leokadia, nazirudisha. Watoto wake wakija kucheza uani, nafunika sufuria. Nikipikiwa na binti yangu mwenyewe nauliza, "Nani alipita hapa ulipokuwa unamenya?" Ikifika siku nina mashaka na kila kitu, nashinda na njaa. Na mgongo ukiuma, nameza kile kidonge cha maumivu juu ya tumbo tupu, kwa sababu kidonge kina karatasi yake, kimefungwa, hakuna aliyekigusa. Yaani chakula nilikiogopa, kidonge nikakiamini!

Nikakonda. Kanga ikawa inazunguka mara mbili. Mume wangu alikuwa mtu wa kwenda zahanati, lakini mimi nilisema, "Baba Editha, huu si ugonjwa wa hospitali." Sostenes akaniunga mkono. Alisema anamjua mtaalamu, ng'ambo ya Lukole, kule miti ilikoota upya baada ya kambi za wakimbizi kuondoka. Mzee anayetoa sumu tumboni. Tukaenda.

Yule mzee hakunigusa. Aliuliza tu, "Nani alikupa kinywaji bila kuonja?"

Ndugu zangu, mwili wangu ulisisimka! Amejuaje? Leo nawaambia alivyojua. Katika nchi yetu, ni nani ambaye hajawahi kupewa kikombe na mtu aliyesahau kuonja? Angemwuliza yeyote kati yenu, jina lingetoka. Mimi likatoka hapo hapo, na Sostenes alikuwa amekaa pembeni akiitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akilingojea.

Mzee akanipa dawa ya majani, chungu, kikombe kikubwa. Nilitapika hadi nikaona giza. Na kilichotoka ndicho kilichotumaliza wote. Kilikuwa cheusi, chembechembe, kama kahawa inayobaki chini ya birika. Mzee akachukua kijiti, akakikoroga kile kitu chini, akasema, "Mnaona? Imekwisha kuota. Mngechelewa."

Sostenes akasema, "Tumeona kwa macho yetu."

Na kweli tuliona kwa macho yetu. Hakuna aliyesema uongo juu ya tulichokiona. Ndiyo maana neno lile lilikuwa zito. Tuliporudi, Sostenes akatangaza kwamba mimi nikipata nguvu, ukoo utakaa, na Leokadia atafungashwa arudi kwao. Watoto wabaki, ni wa ukoo. Kibanja chake, yaani shamba lake la nyumbani, kitaangaliwa na wakubwa. Leokadia alipoambiwa alijibu neno moja tu, "Sawa." Nikamwambia mume wangu, "Unaona? Hata hajajitetea." Lakini kama angejitetea, ningesema, "Unaona anavyojitetea?"

Sikupata nguvu. Nilidhoofika. Choo changu kikawa cheusi kama lami, kinanata. Nikafurahi, nikidhani sumu inaendelea kutoka!

Siku moja Deogratias amepeleka kahawa chama cha msingi, binti yuko shuleni, mimi niko shambani nang'oa maharage. Nikasimama, dunia ikazunguka, nikaanguka. Nilipofumbua macho niliona uso wa Leokadia juu yangu. Hakuna mtu mwingine kwenye mteremko ule. Nikajua nimekwisha.

Akapiga kelele barabarani, pikipiki ikasimama. Wakanikalisha katikati, dereva mbele, yeye nyuma amenifunga kwake na kitenge nisidondoke. Nilikuwa nikiwaza, huyu anataka kuhakikisha mwenyewe. Dereva akauliza, "Mama, mgonjwa wako anaongea peke yake, anasema nini?" Leokadia akamjibu, "Anasali. Endesha." Sikuwa nasali. Nilikuwa nikimtaja yeye.

Njiani tulisimama, akatoa maji.

"Kunywa kidogo, dada. Midomo imekauka."

"Kunywa wewe."

Akanywa. Funda kubwa, mbele ya macho yangu, akanipa. Mnadhani nilikunywa? Nikawaza kwamba lazima amekwisha kula dawa ya kujikinga. Ndugu zangu, mtu akifika hapo, hakuna tena jambo ambalo mwenzake anaweza kulifanya akaaminika. Asipoonja, ni sumu. Akionja, ni kinga. Hicho ndicho kifungo ninachokuja kushuhudia kwamba kimekatwa, zaidi hata ya tumbo!

Hospitali ya kwanza waliniongezea damu. Walisema nimeishiwa. Daktari alikuwa mama wa makamo, Msukuma kwa matamshi yake, mcheshi. Akauliza, "Mama Editha, choo chako kina rangi gani?" Nikaona aibu, nikasema. "Na ukitapika?" Nikamwambia, kama machicha ya kahawa. Hakushtuka. Akaandika tu, kana kwamba nimemwambia bei ya chumvi.

Nikamwambia, "Daktari, usijisumbue. Mimi nimelishwa sumu."

"Na nani?"

Nikamnyooshea Leokadia kidevu. Alikuwa dirishani anakamua kanga zangu alizozifua, zile nilizozichafua.

"Yule anayekufulia?"

"Ndiyo maana anafua. Anafuta alama."

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema, "Sawa. Basi nikuonyeshe njia ambayo sumu ingepita, halafu wewe mwenyewe uniambie imekaa wapi." Akachora nyuma ya bahasha ya vidonge. Nami nitawaeleza kama alivyonieleza, kwa sababu nadhani hata humu wengi tunalibeba tumbo bila kujua kilichomo.

Kazi inaanza mdomoni. Meno yanasaga, mate yanalainisha na kuanza kuvunja wanga. Jaribuni, tafuneni kipande cha ugali pole pole bila kumeza, mtasikia utamu kidogo. Kisha chakula kinashuka kwenye umio. Wengi tunadhani ni shimo kinamoangukia. Umio una misuli inayosukuma, hata ukilala chini kinakwenda. Kinaingia tumboni, na tumbo ni mfuko unaokanda kama mikono inavyokanda ndizi za kutengeneza pombe. Humo mna tindikali kali, inayoua vijidudu vingi na kuivunja nyama.

Nikamwuliza, "Kama ni kali hivyo, mbona hailili tumbo lenyewe?"

Akafurahi. "Hilo ndilo swali lenyewe, mama. Nyumba ya tope inasimamaje kwenye mvua?"

"Inasilibwa, inapakwa udongo laini."

"Na tumbo limesilibwa. Ndani kuna ute mzito unaozuia tindikali isiguse ukuta. Siliba ikibanduka, mvua inaufikia ukuta."

Akasema yapo mambo mawili hasa yanayobandua siliba ile. La kwanza ni bakteria mmoja anayeweza kuishi kwenye tindikali, ambaye mara nyingi tunaambukizwa tukiwa watoto, kwa maji na mikono na vyombo. Wengi wanaye na hawaugui. La pili ni vidonge vya maumivu, hasa vikimezwa ovyo. Pilipili na mawazo huzidisha maumivu, lakini mara nyingi si vyenyewe vinavyochimba kidonda. Kidonda kikigusa mshipa, damu inavuja polepole tumboni. Damu ikikutana na tindikali haibaki nyekundu. Inaiva, inakuwa nyeusi. Ikipanda juu inatoka kama machicha ya kahawa. Ikishuka chini inatoka kama lami.

"Umesema ulipewa dawa ya kutapisha," akaniambia. "Mtu mwenye kidonda kinachovuja! Shukuru Mungu upo."

Akaendelea na mchoro. Baada ya tumbo kuna utumbo mwembamba. Pale nyongo inayotoka kwenye ini inayayeyusha mafuta, na kongosho linaleta maji yake ya kupooza tindikali. Utumbo huo ukiunyoosha ni mrefu kupita chumba, na ndani una vinyuzi kama taulo. Hapo ndipo chakula kinaingia kwenye damu. Mabaki yanakwenda utumbo mpana, nao unafyonza maji. Mabaki yakikaa sana, choo kinakuwa kigumu, na mtu anayejikamua kila siku anaweza kupata bawasiri. Dawa ya kwanza hapo ni maji ya kutosha, mboga, matunda na kutembea. Yakipita mbio, ni kuhara, na anayehara anapoteza maji na chumvi, kwa hiyo mpe maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti, na mtoto usimcheleweshe kumpeleka zahanati.

Nilimsikiliza nimekunja mikono. Mwisho nikauliza, "Na sumu ya kutegewa inakaa sehemu gani hapo?"

"Sumu ipo, mama, mimi sikudanganyi. Watu wanakunywa dawa ya panya, dawa ya kunyunyizia pamba, wanaletwa hapa. Lakini sijaona inayokaa tumboni msimu mzima ikiota kama mbegu."

Nikamwambia, "Wewe si wa kwetu." Nikageukia ukutani. Moyoni nilisema, na huyu naye amekwisha kuongea na Leokadia.

Wakaniandikia kwenda hospitali kubwa, nikapigwe kipimo cha mpira mwembamba wenye taa na kamera, unaoingia mdomoni mpaka tumboni. Deogratias alikuwa amefika, tukaenda naye. Leokadia akabaki na watoto wote, wake na wangu. Mwaweza kufikiri nililala vipi njia nzima, nikijua nani anapikia watoto wangu.

Ndugu zangu, sikilizeni hapa. Nikiwa kwenye kile kitanda, nimelazwa ubavu, wamenipulizia dawa ya ganzi kooni, nilisali. Haikuwa sala nzuri. Nilisema, "Bwana, nionyeshe adui yangu. Nimwone kwa macho yangu, aache kujificha." Nilitaka anionyeshe uso wa Leokadia. Nilitaka uhakika, ili nikirudi nisiwe na huruma.

Mpira ukaingia. Si kitu cha kufurahisha, unabeuabeua na machozi yanatoka, lakini si muda mrefu. Kioo kilikuwa pembeni na mimi nilikuwa nakiona. Nikaona njia nyekundu, laini, inang'aa, kama ndani ya shavu la mtoto. Nikaona mfuko una mikunjo. Nilikuwa natafuta kitu cheusi, kilichoota, chenye mizizi. Mpira ukageuka huku na huku. Safi. Safi. Ukasogea karibu na mlango wa kutokea tumboni, ukasimama.

Pale palikuwa na kidonda. Kidogo, kama ukucha wa kidole gumba, kina weupe katikati na wekundu pembeni. Basi.

Nami nikasikia moyoni, kama mtu ananisemesha kwa upole kabisa: uliomba umwone. Ndiye huyo.

Bwana asifiwe! Nililia na mpira mdomoni. Muuguzi alidhani naumia, akanishika bega, "Vumilia mama, tunamaliza." Hakujua kwamba mimi ndiyo kwanza nimeacha kuumia. Miezi yote ile nilimbeba mtu tumboni mwangu, na humo hamkuwa na mtu!

Vipimo vikaonyesha yule bakteria yumo. Nikapewa antibayotiki za aina mbili pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, nikaambiwa nimalize dozi yote hata nikijisikia nimepona. Diklofenaki nikakatazwa kabisa. Baadaye nilirudi, wakapima choo kuona kama bakteria ameondoka, na alikuwa ameondoka. Sikuponywa na dawa dhidi ya Mungu, wala na Mungu dhidi ya dawa. Aliyenionyesha adui ndiye aliyenipa mkono wa kumpiga, na mkono huo ulikuja umevaa koti jeupe.

Tukiwa njiani kurudi kutoka kwenye kile kipimo nilipita kwa yule daktari Msukuma. Nikamwambia kwamba nimeamini, lakini ukoo haujaona kioo. Waliona kitu cheusi chini, na ukoo umekwisha kuitwa. Akafikiri, akasema, "Mna kuku? Mna limau?"

Siku ya kikao wote walikuwepo. Sostenes kwenye kiti chenye egemeo. Deogratias kando yangu. Shangazi Paskazia, dada wa marehemu baba mkwe, mwanamke anayetania hadi msibani. Leokadia alikaa karibu na mlango na mkeka wake umekwisha kufungwa kamba. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amekalia ule mkeka, anauliza, "Mama, na mimi nakwenda?"

Nikasalimia, "Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Pole na safari. Wewe ndiye uliyeumizwa, anza."

Nikaomba kwanza kuku wa kikao achinjwe pale pale, mbele yetu, na damu ikingwe kwenye bakuli jeupe. Sostenes akakunja uso. "Tumekuja kwa kesi, si kwa karamu."

"Kesi ndiyo hii, shemeji. Sogea uone."

Damu ilikuwa nyekundu, inatoa mvuke. Nikamimina nusu kwenye kikombe, nikakamulia malimau, nikakoroga kwa kijiti. Nikasubiri. Nami nilikuwa sijawahi kujaribu kabla! Ikaanza kubadilika. Ikawa kahawia. Ikakatikakatika. Ikazidi kuiva, ikawa chembechembe nyeusi, na kwenye bakuli ile nusu nyingine bado nyekundu. Nikamimina kile cheusi chini, mbele ya miguu ya Sostenes.

"Shemeji, hiki ni nini?"

Akainama kukitazama. Watu wakainuka kwenye viti. Deogratias, ambaye naye alikuwepo kwa yule mtaalamu, ndiye aliyesema. "Ndicho kile. Ndicho tulichokiona kule."

"Ndicho kile," nikasema. "Ni damu iliyokutana na ukali. Tumboni mwangu mna ukali kuliko limau, na palikuwa na kidonda kinachovuja. Nimekiona kidonda mwenyewe. Kilichotoka siku ile ni damu yangu."

Sostenes akasema, "Hiki nacho ni kiini macho."

Shangazi Paskazia akapiga paja. "Basi limau nalo lifungashwe lirudi kwao! Sostenes, kuku ni wako, limau la mti wako, damu umeiona ikitoka. Aliyeroga hapa ni nani, wewe?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilifungua kitu. Ndipo nikamgeukia Leokadia. Nikamwuliza mbele ya wote kwa nini hakuonja siku ya harusi.

Akasema, "Dada, pombe niliiacha nilipomzika mume wangu. Nilimwahidi Mungu haitagusa ulimi wangu. Siku ile walinipa kazi ya kugawa, nikaona nikikataa nitaambiwa najidai mtakatifu."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Ndugu zangu, kesi yote ile, safari zote zile, na hakuna aliyekuwa amemwuliza! Mtaalamu aliniuliza mimi. Ukoo ulimwuliza mtaalamu. Mwenye kikombe hakuulizwa na mtu.

Kikao kiliisha bila hukumu. Sostenes aliondoka kabla kuku hajaiva, na mpaka leo anasema jambo lile "halijakaa sawa". Kibanja cha Leokadia kinapakana na chake. Sisemi zaidi ya hapo. Nimetolewa kwenye kifungo cha kuwashuku watu, sitaki kurudi ndani kwa mlango mwingine, ingawa nawaambia kweli, mlango huo naupita kila asubuhi na kuna siku mkono unataka kuusukuma. Leokadia yupo kwenye kibanja chake pamoja na watoto wake. Msimu huu tunachuma kahawa pamoja, tunaanza kwake, tunapanda kwangu.

Ndiyo ushuhuda wangu. Namshukuru Mungu kwa kuwa mzima, namshukuru kwa yule mama wa Kisukuma na bahasha yake, namshukuru kwa mwanamke aliyenifunga kifuani kwake kwa kitenge huku nikimlaani.

Sasa niseme na mtu mmoja aliye humu. Sikujui, lakini upo, kwa sababu hatukosekani. Tumbo lako linawaka, au unakonda, au chakula kinakwama ukimeza, au choo kimekuwa cheusi na umeficha hata kwa mwenzi wako. Na tayari una jina la mtu moyoni. Labda ni jirani, labda mke wa kaka, labda mama mkwe. Umeanza kukumbuka siku alipokupa kitu. Ndugu yangu, zahanati iko wazi kesho. Nenda. Usiende kutapishwa, nenda ukapimwe, na sisi tutakuwa hapa tunakuombea. Kama unaogopa kwenda peke yako, nifuate baada ya sala, mimi sirudi Murukulazo mpaka keshokutwa, nitakusindikiza na kukaa nawe kwenye benchi.

Na lile jina, kabla hujalipeleka kwa mtu mwingine yeyote, mpelekee kwanza mwenye jina. Kaa naye. Mwulize.